Kwenda Tunduru kwa Kupitia Madaba

Mmekuwa mkiniuliza, mmoja mmoja na kwa makundi, ilikuwaje nikaaga kwamba naondoka kwa siku mbili nikarudi siku ya tano, nimekonda, nimebeba kitu kilichofungwa kwa magunia ya korosho kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali. Nimechoka kurudia. Naandika mara moja tu. Someni, halafu mniache nifanye kazi.

Mfaranyaki, Songea, kabla ya kuondoka

Nilikuwa natafuta sintesaiza ya analogi. Kwa wasiojua, ni kinanda cha umeme cha zamani ambacho sauti yake inatokana na umeme wenyewe unaozunguka kwenye transista na nyaya, si kompyuta inayoiga. Vinanda nilivyo navyo studio vina sauti elfu moja kila kimoja, na zote zinanuka plastiki. Bendi yetu imepiga nyimbo za watu kwenye harusi kwa miaka kumi na miwili, na mwaka huu tumeamua kurekodi za kwetu. Mimi nikakataa kurekodi mpaka nipate ile sauti nene niliyoisikia redioni nikiwa mtoto. Wenzangu wakanuna. Sabina, mke wangu, akanikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima.

Baada ya kuuliza huku na huko kwa miezi, nikavipata viwili. Kimoja kilikuwa Madaba kwa mwalimu mstaafu, Mwalimu Mgaya, aliyenitumia picha sita. Kilimeremeta, hakikuwa na mkwaruzo. Cha pili kilikuwa Tunduru kwa Mzee Ausi, mpiga kinanda wa bendi moja ya dansi iliyokufa zamani, ambaye sasa alikuwa analima korosho. Mzee Ausi hakuwa na picha. Alikiwasha, akaweka simu karibu na spika, akabonyeza. Nikasimama katikati ya njia na gunia la mkaa kichwani. Sauti ilikuwa ndiyo yenyewe.

Mngeniuliza basi kwa nini sikupanda basi la Tunduru siku ileile. Nami ningewajibu kwamba mimi Mngoni na Mzee Ausi Myao, kwa hiyo ni watani, na tangu simu ya kwanza hatukuwahi kuzungumza kama watu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Jina nani?"

"Mapunda, kutoka Songea."

"Mngoni. Rudisheni kwanza mbuzi waliochukuliwa na babu zenu, ndipo tuzungumze kinanda."

Ikawa hivyo kila siku. Bei tulikubaliana katikati ya matusi. Kisha Jumatatu akanipigia, akasema, "Mtani, njoo wiki hii. Wiki ijayo sipo."

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kufa."

"Kufa tu, mzee," nikamwambia. "Ila kinanda usiende nacho."

Akacheka mpaka akakohoa. Nikakata simu nikiwa nimefurahi, nikajisemea kwamba muuzaji anayekuharakisha ana jambo analificha. Mnunuzi makini hulinganisha. Nikaamua kuanzia Madaba.

Songea hadi Madaba

Gari liliondoka Jumanne asubuhi, saa nzima baada ya dereva kusema tunaondoka sasa hivi. Njia nzima abiria wa mbele yangu alitaka kioo kiwe wazi kwa sababu ya kichefuchefu, na wa nyuma alitaka kifungwe kwa sababu ya baridi. Wote wawili walinipa mimi lawama. Nilifika Madaba kwenye ukungu, meno yanagongana, begi langu limejaa vifaa vya kupimia: mita ya umeme, transfoma ndogo ya kushusha umeme, bisibisi, na karatasi niliyoandika mambo kumi na manne ya kukagua. Niliipenda sana ile karatasi.

Mwalimu Mgaya alinipokea vizuri mno. Tatizo lake lilikuwa kwamba kwake mgeni haanzi na shida yake. Mgeni anaanza na chai, halafu viazi, halafu anatembezwa kuona miche ya parachichi, na kila mche una historia yake. Nikasema, "Mwalimu, kile kinanda." Akasema, "Kipo, hakina miguu." Tukaona nguruwe. Tukaja kula ugali na maharage. Akaitwa jirani aje na ulanzi, pombe ya mianzi, maana mgeni wa kutoka mjini haondoki bila kuonja. Nilipokiona kinanda ilikuwa saa tisa alasiri, na tumbo langu lilikuwa gumu kama ngoma.

Kilikuwa kizuri kuliko picha. Nikatoa karatasi yangu. Nikachomeka umeme, taa ikawaka. Nikabonyeza ufunguo wa katikati. Kimya. Nikabonyeza funguo zote, mmoja mmoja, zote sitini na moja. Kimya.

"Mwalimu, ulisema kinalia."

"Kinalia sana," akasema, akanisogeza pembeni kwa bega. Akazungusha nobu ya kushoto, na mtangazaji akaanza kutusomea matangazo ya vifo.

Nilifungua kifuniko cha nyuma kwa bisibisi. Ndani hamkuwa na chochote cha kinanda. Fundi mmoja alikuwa amekung'uta matumbo yote, akafunga redio ya gari na spika mbili. Mwalimu alikuwa anatabasamu. "Zile nyaya za kwanza zilikuwa zimechakaa," akanieleza. "Fundi akanitolea zote. Sasa kinashika mpaka Malawi."

Sikuweza kumkasirikia, maana nilikuwa nimekula viazi vyake. Nilijikasirikia mwenyewe. Nilichagua kwa macho kitu cha kuchaguliwa kwa masikio, nikapanda gari kwa ajili ya rangi.

Madaba na kurudi

Gari la mwisho lilikuwa limepita tukiwa kwenye parachichi. Nikalala kwa Mwalimu, nikasikiliza redio yake kupitia ukuta. Jumatano gari nililopanda lilipasuka mpira, na mpira wa akiba ulikuwa umeazimwa na gari jingine la tajiri yuleyule, ambalo tulilisubiri kwa saa nne litokee Njombe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa na ulanzi.

Mzee Ausi akanipigia nikiwa hapohapo barabarani.

"Mtani, uko wapi?"

Nikamweleza. Kisha akasema taratibu, "Babu zako walitoka kusini kabisa kwa miguu, na ngao mkononi, wakatukuta. Wewe una gari unarudi nyuma."

"Walikuja kwa sababu mlikuwa na kitu cha kuiba. Sasa mna korosho tu."

"Njoo, Mngoni. Nimeshawaambia wachimbe."

"Wachimbe kaburi refu, mzee, una tumbo kubwa."

Abiria waliokuwa karibu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilikuwa na hasira siku ile, na yeye peke yake ndiye aliyenichekesha.

Songea hadi Namtumbo

Alhamisi asubuhi nilipanda basi la Tunduru. Safari hii, nikajiambia, hakuna litakaloharibika. Barabara ni lami, dereva hakuwa mzungumzaji, na jirani yangu alilala tangu Songea. Namtumbo tukapewa dakika ishirini za kula.

Nikaagiza wali na samaki kwa mama lishe mmoja, na nikiwa nasubiri nikafanya kosa la kutoa transfoma kwenye begi kuona kama haijalegea. Yule mama akaiona. Akaiona na mita.

"Kumbe wewe ni mtu wa umeme," akasema.

"Hapana, mama. Napiga kinanda."

"Friji langu limekufa tangu Pasaka."

"Mimi napiga kinanda, mama."

"Basi litazame tu. Kulitazama nako mpaka uwe na cheti?"

Angekuwa na ukali ningemkatalia. Alikuwa ameshika sahani yangu na hakuiweka mezani. Nikalitazama. Waya mmoja wa plagi ulikuwa umekatika, kazi ya dakika tatu. Friji likaunguruma, mama akapiga kigelegele, na hicho ndicho kilichoniangusha. Akaja mwenye pasi. Akaja mwenye redio ya betri ambayo betri zake zilikuwa zimewekwa kinyume. Akaja mzee na barua ya maombi ya kuunganishiwa umeme kijijini kwao, akanikabidhi kwa mikono miwili, nami kila nilipomwambia kuwa mimi si mhusika aliitikia, "Naelewa, mkuu, mna mambo mengi."

Basi lilipiga honi. Nikalisikia, nikashika samaki wangu kwa mkono nikakimbia, nikaliona kwa nyuma. Lilikuwa limekwenda. Begi lilikuwa mgongoni, namshukuru Mungu.

Nilimpigia Mzee Ausi. Alichelewa kupokea. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ina hewa nyingi, nami nikasema moyoni, huyu mzee anajua kuigiza.

"Basi limeniacha Namtumbo, mzee. Nafika kesho."

"Kesho," akasema. "Haya. Nitajitahidi."

"Jitahidi nini?"

"Kukungoja, mpumbavu."

Kwa sababu aliniita mpumbavu, nikajua mambo ni salama.

Namtumbo hadi Tunduru

Ijumaa gari lilipatikana saa tano. Nilikaa mbele, nikamwomba dereva kwa heshima zote asisimame ovyo. Akanihakikishia. Tulisimama kwa magunia ya mahindi. Tulisimama kwa mbuzi aliyekuwa na tiketi lakini hakuwa na mwenyewe. Tulisimama akina mama walipotuuzia ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, nikanunua, nikala kwa hasira, na ilikuwa mitamu. Halafu karibu saa saba tukasimama kwenye kijiji chenye msikiti kando ya barabara, na nusu ya gari, pamoja na dereva na kondakta, wakashuka kuswali Ijumaa.

Mimi Mkatoliki nilibaki na mbuzi. Nilitazama saa kila dakika, nikanung'unika peke yangu kwamba Mungu angeweza kusubiri mpaka Tunduru. Nasema ukweli kwamba nilinung'unika hivyo. Ni saa hiyohiyo ndipo Mzee Ausi alipokuwa anaswaliwa.

Sikujua. Waliporudi nikamwambia dereva, "Kuna mzee ananisubiri." Akasema, "Insha Allah utamkuta."

Tunduru

Nilielekezwa nyumba na muuza maji. Nilipokaribia niliona wanaume wamekaa kwenye majamvi chini ya turubai, nikafikiri nimekosea nyumba, au pana harusi. Mwanamume mmoja wa makamo akainuka kunipokea. Baadaye nilijua ni Issa, mdogo wake Mzee Ausi.

"Karibu. Unatoka wapi?"

"Songea. Naitwa Mapunda. Nimemfuata Mzee Ausi, ananisubiri na kinanda."

Alinitazama kidogo. "Wewe ndiye yule Mngoni?"

"Ndiye mimi."

Akawageukia wenzake. "Mtani amefika," akasema. Kisha akanigeukia. "Umechelewa. Tumeshamzika."

Nilicheka. Nisameheni, lakini nilicheka kwa kelele, kwa raha ya mtu aliyefika mwisho wa safari. Nilijua ni mzaha wa yule mzee, amewafundisha na ndugu zake, yuko nyuma ya mlango anasikiliza. Nikasema kwa sauti ili anisikie ndani: "Basi nipeni ubwabwa wangu nirudi zangu. Na mmemfukia vizuri? Maana huyo ni mwizi, anaweza kutoka."

Turubai zima likacheka. Wazee walifuta macho. Mmoja akasema, "Alhamdulillahi, sasa msiba umepata mwenyewe." Nikacheka nao, nikageuka kumtafuta, na ndipo nilipoona majembe mawili yameegemea ukuta, udongo mwekundu bado mbichi kwenye makali. Pembeni yake jeneza la msikiti, tupu, linasubiri kurudishwa.

Issa aliona nilivyobadilika. Akanishika mkono. "Hukujua?"

Nikatikisa kichwa.

"Alifariki leo alfajiri. Alisema utakuja, na alisema utakuja umechelewa." Akaniminya mkono. "Umefanya vema. Tangu asubuhi hapa hapajachekwa, na msiba usio na mtani ni aibu."

Wote walinishukuru kwa kazi ya mtani niliyoifanya vizuri, na mimi nilikuwa simfanyii mtu kazi yoyote. Nilikuwa sijui tu. Nilikaa kwenye jamvi na uso wangu ukiwaka moto. Kila nilichomwambia kwenye simu kilikuwa kinanirudia kimoja kimoja, na cha tumbo kubwa ndicho kilichoniuma zaidi. Alikuwa ameniambia ukweli kwa lugha pekee tuliyokuwa nayo mimi na yeye, nami kwa lugha hiyohiyo nikamwambia afe tu.

Jioni Issa alinipeleka uani. Mjane, Bi Somoe, alikuwa chumbani na wanawake, akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Pole na safari, mtani."

"Pole na msiba, mama. Mimi nilianzia Madaba."

"Alituambia. Alicheka sana habari ya Madaba, kisha akasema wewe una akili kama ya kuku wa kizungu." Wanawake wakaguna kwa kicheko kidogo. "Kinanda chako kipo hapo barazani. Akasema ukichukue, ila usiguse kitu chochote juu yake mpaka ufike kwako. Juzi aliomba tumkalishe, akakishughulikia asubuhi nzima mpaka jasho likamtoka. Kisha akasema asikiguse mtu."

Nikafunua kitenge kilichokifunika. Kilikuwa kibaya. Mbao za pembeni zimeliwa na mchwa, funguo mbili zimepasuka, na juu yake safu ya slaida, vile vishikio vya kusukuma juu na chini, zaidi ya thelathini. Hapo lazima niwaeleze kitu kimoja. Kinanda cha aina ile hakina kumbukumbu. Kila sauti unaitafuta mwenyewe kwa kusukuma slaida hii na ile, na ukizima, sauti inabaki palepale vidole vyako vilipoiacha. Mtu akisogeza, imekwenda.

Karatasi yangu ya mambo kumi na manne ilikuwa mfukoni. Siwezi kuwasha muziki kwenye nyumba ya msiba, siwezi kusogeza slaida, siwezi kufungua kifuniko mbele ya pazia la mjane. Mimi niliyetaka kulinganisha ndiye niliyekuwa nauziwa mbuzi kwenye gunia. Nikaitoa ile karatasi, nikaichana vipande vipande, nikazikinga slaida kwa vipande hivyo zisicheze.

"Nakichukua, mama," nikasema.

Tunduru hadi Songea

Jumamosi kondakta alitaka kukiweka kwenye buti chini ya magunia. Nikakataa. Akataka kukifunga juu. Nikakataa. Nikakilipia kiti. Sasa ikawa kesi ya gari zima, kwamba mimi ni mtu wa namna gani nakalisha kibao wakati kuna watu wamesimama. Mama mmoja aliomba aweke kikapu chake juu "kidogo tu". Kaka mmoja aliegemeza kiwiko mara tatu, nikakiondoa mara tatu, mara ya nne tukatukanana. Sijawahi kuwachukia abiria wenzangu kama siku ile, na hawakuwa wamenikosea kitu.

Kwenye kizuizi askari mmoja akaingia. "Hiki nini?"

"Kinanda, afande."

"Fungua."

Nikafungua magunia. Akakitazama, akanyoosha kidole kwenye slaida ya kwanza, nami nikamkamata mkono. Nilimkamata askari mkono mbele ya watu.

"Ni cha marehemu, afande," nikasema. "Kazikwa jana. Slaida ameziacha hivyo mwenyewe."

Alinitazama, akautoa mkono wake taratibu. "Pole," akasema, akashuka. Kuanzia hapo mpaka Songea hakuna aliyekigusa, na yule mama wa kikapu alikishika kwa mkono kila tulipopita kwenye tuta.

Mfaranyaki

Tulifika mchana. Sabina na Kasiani, mpiga besi wetu, walinisaidia kukiingiza studio. Nikaunganisha transfoma, nikakiacha kipate moto dakika kumi, nikawaeleza kila kitu. Sabina alilia. Kasiani alivua kofia. Nilijua nini kitatoka. Mtu aliyeomba akalishwe ili aitafute sauti yake ya mwisho hawezi kuwa ameacha kitu cha mzaha. Nikafuta mikono kwenye suruali, nikabonyeza ufunguo wa katikati.

Kikajamba.

Sijui niandikeje kwa adabu. Kilikuwa ni kijambo kirefu, kizito, chenye maji kwa mbali, kinachoanzia chini, kinapanda, kinasitasita kama mtu anayejibana mbele ya wakwe, halafu kinaachia. Kasiani alidhani spika imechanika. Nikabonyeza ufunguo mwingine. Kijambo kilekile, cha mtu mwembamba zaidi. Hakuna sauti ngumu kama hiyo kuitengeneza kwa umeme, nawaambia kama fundi. Ile asubuhi nzima na jasho lake vilikwenda hapo.

Nilikaa chini. Nilicheka mpaka nikaona nalia, na sikujali Kasiani alikuwa ananitazama. Kisha nikapiga namba ya Mzee Ausi, ambayo sasa anayo Bi Somoe. Nikamwomba radhi kwanza. Nikamwambia kuna kitu marehemu amekiacha, hakina heshima, na kama hataki kukisikia nitaelewa.

"Nisikilizishe," akasema.

Nikaweka simu karibu na spika, nikabonyeza, nikashikilia mpaka kikaisha chenyewe. Nikaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

"Ndicho alichokuwa anahangaikia?" akauliza. "Mimi nikimpepea, nikimfuta jasho, nikidhani ni wosia?"

"Ndicho, mama."

Nikasikia pumzi yake, sikujua ni ya kilio au ya kicheko, na nafikiri hata yeye hakujua.

"Piga tena," akasema.

Nikapiga.